Kinachoua grili ya umeme Mtwara si moto

Samaki wa kuchoma mwenyewe ni wa mkaa, na makala haya hayana nia ya kubishana na hilo. Mtu aliyewahi kusimama Feri mjini Mtwara jioni, vyombo vya Msangamkuu vikija na kuondoka, anajua kinachofanya tasi au changu awe vile alivyo. Mafuta yake yanadondokea kaa la moto, yanageuka moshi, moshi unapanda na kumrudia mwenyewe. Hakuna mashine ya kuchomeka ukutani inayoutengeneza moshi ule. Muuzaji anayekuahidi ladha ya Feri kutoka kwenye grili ya umeme anakutania.

Pamoja na hayo, grili zinanunuliwa. Minnada ya korosho ikifunguliwa Oktoba na malipo yakaanza kuingia, maduka ya vyombo vya umeme ya Mtwara na Masasi hupata wateja ambao mwezi uliotangulia walikuwa wanakopa sukari. Televisheni kwanza, friji baadaye, na siku hizi pembeni ya friji kuna boksi dogo lenye picha ya paja la kuku lililochorwa mistari myeusi. Nyingine hazipitii dukani kabisa. Zinakuja na ndugu kutoka Muscat au Dubai, zimefungwa kwenye shuka katikati ya mablanketi.

Malalamiko nayo huja baada ya mwaka mmoja. Imepoza. Inanata. Ilitoa cheche. Kifuniko hakifungi. Mwenye nyumba hulaumu Wachina, fundi hulaumu umeme, na grili hupelekwa juu ya kabati kuishi na feni iliyovunjika. Mara nyingi wote wawili wanakosea. Pwani hii ina maadui watatu wa chombo cha namna hii, nao ni waya mwembamba, chumvi na waya wa kusugulia masufuria.

Faida yake iko wapi

Mvua za Mtwara huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo jiko la mkaa lililozoea uani huingizwa ndani, na kwa mpangaji wa chumba kimoja "ndani" maana yake ni hatua mbili kutoka kitandani. Dirisha linafungwa kwa sababu ya marasharasha. Mkaa unaowaka penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyesinzia karibu nalo hapati onyo lolote. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuchomea kwa umeme, na inashangaza kwamba haiandikwi kwenye boksi hata moja.

Serikali nayo ina hoja yake. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Tusijidanganye kwamba grili ndiyo itakayotufikisha huko. Maharage hayachomwi, kande hazichomwi, na ming'oko huchemshwa kwa chumvi kama ilivyochemshwa siku zote. Grili ni chombo cha kitoweo. Kwa mlo mzito kuna jiko la presha la umeme, na baadhi ya nyumba za mjini Mtwara zimeshaunganishiwa gesi asilia na TPDC.

Sokoni kuna aina mbili. Ya kwanza ni ya wazi: wavu juu, koili chini yake, na chini kabisa trei ya maji. Maji yale si mapambo. Hupokea mafuta yanayodondoka yasiungue na kujaza nyumba moshi, na yakikauka katikati ya kazi lazima yaongezwe, kwa uangalifu, bila kurushia koili. Ya pili ni ya kufunga, mabamba mawili yanayombana samaki juu na chini.

Hiyo ya kufunga ilienea duniani kwa jina la mtu ambaye wazee wengi wa Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa kupigwa. Ni George Foreman, aliyeangushwa na Muhammad Ali katika raundi ya nane mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Miaka 20 baadaye, 1994, grili yenye jina lake iliingia madukani Marekani ikiwa na mabamba yenye mteremko ili mafuta yachuruzike kwenye trei. Zimeuzwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 1999 kampuni ya Salton ilimlipa zaidi ya dola milioni 130 kwa haki ya kulitumia jina hilo, fedha ambazo ngumi hazikuwahi kumpa. Alifariki Machi 21, 2025 akiwa na umri wa miaka 76. Kwa samaki mwembamba au mnofu wa kuku, napendelea umbo la kufunga kuliko la wazi, kwa kuwa bamba la juu na la chini hufanya kazi kwa pamoja na muda hupungua karibu nusu. Kwa changu mzima mwenye kichwa, umbo hilo halifai. Kifuniko hukaa upande kama mdomo wa chewa na katikati samaki hubaki mbichi.

Moto wa Msimbati

Umeme unaoipasha grili hapa una historia ya hapahapa. Mwaka 1982 kampuni ya AGIP ya Italia, ikitafuta mafuta, ilikuta gesi katika Ghuba ya Mnazi, kwenye rasi ya Msimbati. Gesi hiyo ilikaa chini zaidi ya miaka 20 bila kumpikia mtu chai. Tangu mwaka 2007 hivi, mitambo iliyojengwa Mtwara mjini huitumia kufua umeme, na kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi imeishi kwa umeme huo nje ya gridi ya Taifa. Mwaka 2013 mji huu uliingia kwenye vurugu kwa sababu ya uamuzi wa kuipeleka gesi Dar es Salaam kwa bomba, na mwaka 2015 bomba hilo la zaidi ya kilomita 500 lilizinduliwa. Ubishi wa nani kafaidika nani kakosa haujaisha vijiweni. Lakini changu aliyevuliwa Msimbati akichomwa kwa umeme Chikongola, samaki na moto vimetoka ghuba moja, na hilo hata Dar es Salaam hawawezi kulisema.

Mtandao mdogo una tabia zake. Mtambo mmoja ukisimama, pengo huonekana haraka, na jioni watu wote wanapowasha taa, feni na pasi, volti hushuka. Friji huonyesha kwa kuguna. Grili haigunii kitu, na ndiyo maana watu hawaelewi kilichotokea. Nguvu ya joto ya koili hufuata mraba wa volti. Grili iliyoandikwa wati 2,000 kwa volti 230, ikipata volti 180 tu, hutoa kiasi cha wati 1,225. Volti zimepungua kwa karibu robo, joto limepungua kwa karibu asilimia 40. Samaki hatachomeka. Atatoa maji yake, atachemka ndani ya maji hayo, kisha atashika bamba. Mama mwenye nyumba atasema mashine imeharibika. Haijaharibika, jaribu saa nane mchana au saa nne usiku uone.

Mwenye mashaka amwite fundi mwenye mita. Koili ya wati 2,000 ikiwa nzima itasoma karibu omu 26. Kama mita inasoma hivyo, ugonjwa hauko kwenye koili.

Kinyume chake kipo pia. Vyombo kutoka Oman na Dubai havina shida, kwa sababu volti zao ni kama zetu na hata plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa. Vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka grili ya huko kwenye soketi ya Mtwara, itavuta karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa, na itaungua kabla hujatafuta chumvi. Ndugu wa Houston ashukuriwe kwa zawadi, zawadi irudi kwenye boksi.

Ukutani ndiko kwenye hatari

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nyumba zinapoungulia.

Grili ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Soketi yetu ya miguu mitatu na fyuzi ya plagi yake vimekadiriwa kwa ampea 13, hivyo grili peke yake ukutani haina tatizo. Tatizo huanza pale inapochomekwa kwenye ekstensheni pamoja na birika la umeme. Birika nalo ni wati 2,000. Jumla inapita ampea 17, na ekstensheni nyingi za bei ya chini zina waya wa milimita mraba 0.75, unaofaa ampea 6 tu. Waya huo haulipuki. Unapata joto polepole ndani ya ganda lake, hasa ukiwa umeviringishwa au umepitishwa chini ya mkeka, mpaka ganda linalainika na nyaya mbili zinagusana. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kukaa kimya muda wote huo, kwa sababu yenyewe haijaona kosa.

Vile vidude vya kulinda friji navyo si mahali pa grili. Vingi vimetengenezwa kwa ampea 5. Mtu huchomoa friji kwa dakika 20, huchomeka grili, na siku friji inapoungua kwa umeme uliopanda ghafla hakumbuki kwamba mlinzi wake alishauawa kwa mishikaki.

Kisha kuna mtindo wa kijiti. Chombo kinakuja na plagi ya miguu miwili, soketi ni ya mitatu, basi mtu huchukua kijiti cha kiberiti au kalamu, husukuma tundu la juu ili vizibo vifunguke, hulazimisha miguu miwili iingie. Kwa chaja ya simu tumezoea. Kwa grili ni kucheza na mauti. Tundu lile la juu ndilo la ethi, waya unaopeleka umeme ardhini pale koili inapogusa bodi la chuma. Grili ina bodi la chuma, ina mafuta, ina maji ya samaki, na anayeishika mara nyingi yuko pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Nyumba yenye ethi nzuri, kosa likitokea breka huanguka. Isiyo na ethi, umeme hutafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni mkono ulioshika kifuniko.

Nyumba nyingi za zamani za Mikindani na mitaa ya katikati ya mji zimewekewa umeme kwa vipandevipande, chumba hiki mwaka huu, kile mwaka ujao. Ethi ya kwanza ilikuwa nondo iliyopigiliwa uani, na nondo hiyo imekula chumvi ya udongo miaka yote. Inaweza kuwa imebaki kichwa tu. Kupima ethi ni kazi fupi kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, na gharama yake haifiki bei ya grili yenyewe.

Dalili za soketi inayougua ni hizi: plagi inacheza, imeanza kuwa ya kahawia, inanuka kama kitufe kilichochomwa, au ukiichomoa miguu yake ni ya moto. Sababu yake hapa kwetu mara nyingi ni ule ukungu wa kijani unaoota kwenye shaba. Pale shaba na shaba zisipogusana vizuri, joto linalotakiwa kuzaliwa kwenye koili huzaliwa ukutani. Badilisha soketi. Usipake mafuta, usikaze kwa karatasi ya sigara.

Ikitokea moto wa mafuta juu ya bamba, zima swichi ya ukutani kwanza, funika kwa kifuniko kikubwa cha sufuria, na usimwagie maji. Namba ya Zimamoto ni 114.

Uniti za LUKU

Hesabu ya umeme ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Grili hiyohiyo ya wati 2,000, ikitumika nusu saa pamoja na muda wa kupasha, haivuti nguvu yote muda wote, kwa kuwa thamostati huwasha na kuzima. Hutumia kati ya nusu uniti na robo tatu. Kwa aliye kwenye tarifa ya D1, ya wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mlo wa familia unachomwa kwa chini ya shilingi 100. Kwa aliye kwenye T1, yenye shilingi 292 kabla ya makato, ni kati ya shilingi 180 na 270 makato yakiwemo.

Ila mtumiaji wa D1 ana mtego. Kuchoma mara tatu kwa wiki ni kama uniti 8 kwa mwezi, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya zile 75. Ukiwa tayari una friji, feni mbili na pasi, grili inaweza kuwa ndiyo inayokuvusha mstari, na ukishavuka bei ya uniti ni 350. Anayesema LUKU inaisha haraka tangu aliponunua grili huenda anasema kweli, ingawa si grili iliyokula zote.

Samaki, pweza, na kile kisichowekwa kabisa

Kosa la wengi ni kuhamishia kwenye umeme mazoea ya wavu. Mkaa hukausha wenyewe, bamba halikaushi. Samaki aliyetoka kwenye ndimu, chumvi na kitunguu saumu amejaa maji, na maji lazima yaishe kabla nyama haijabadilika rangi, kwa sababu maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100 na ukaukaji ule wa kahawia tunaoutaka huanza karibu na nyuzi 140. Basi mfute samaki kwa kitambaa safi mpaka akauke, mpake mafuta kidogo yeye, usipake bamba. Acha grili ipate moto kamili, taa yake izime yenyewe, ndipo umweke. Na usijaze. Vipande vinne vyenye nafasi hutoka vizuri kuliko nane vilivyobanana.

Uchaguzi wa samaki una maana zaidi hapa kuliko kwenye mkaa. Nguru, jodari na kolekole wa vipande hukubali bila ubishi. Vibua ni watamu lakini mafuta yao mengi hujaza trei haraka. Samaki wa baruti alikuwa akijulikana kabla hajafika jikoni, uti umevunjika, damu imevilia ndani, nyama laini kama uji. Juu ya bamba husambaratika. Eneo hili lilisumbuliwa sana na uvuvi huo, hata baada ya kuanzishwa mwaka 2000 kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko na vijiji. Tangu msako mkali wa miaka ya 2017 na 2018 milipuko imepungua sana, na mpishi ni miongoni mwa wanaofaidika ingawa hakuna anayemhesabu.

Pweza ndiye anayeipa grili heshima yake Mtwara. Achemshwe kwanza bila haraka, kama dakika 45 au zaidi kwa mkubwa, mpaka uma upite. Aliyewahi kugandishwa kwenye friji hulainika upesi zaidi kwa sababu barafu imeshazikata nyuzi zake. Mwache apoe, mfute akauke kabisa, mpake mafuta na pilipili ya kusaga, mbane kwenye bamba la moto dakika tatu au nne. Mikono hukakamaa nje na kubaki laini ndani. Hapa, na hapa tu, nathubutu kusema grili haimwonei mkaa wivu.

Tui la nazi na sukari ya aina yoyote visipite kwenye bamba. Anayetaka samaki wa kupaka achome kwanza, atoe, ndipo apake tui zito lililokwisha pikwa. Korosho zilizosagwa nazo huwekwa dakika ya mwisho. Zinaungua upesi na uchungu wake hauondoki. Kuku aivishwe mpaka karibu na mfupa, maji yake yatoke meupe yasiyo na wekundu. Mishikaki ya vijiti kwenye grili ya kufunga haikai, na ya vyuma huchana bamba. Muhogo uchemshwe kwanza. Anayeutamani moshi anaweza kufukiza: kaa moja la moto kwenye kikombe cha chuma katikati ya sufuria ya samaki waliokwishaiva, tone la mafuta juu yake, kifuniko, dakika chache. Afanyie barazani.

Na kuna kitu ambacho nyumba yoyote ya Mtwara ina uwezo wa kukijaribu, kwa sababu gunia liko palepale ukumbini. Korosho yenye ganda lake isiwekwe kwenye grili ya umeme kamwe. Ganda hilo lina mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana wabanguaji wanaochoma kienyeji hufanya kazi hiyo nje, kwenye bati lililotobolewa, wakiwa upande upepo unakotoka. Yakipata joto hutoka, huwaka kwa ghafla, na moshi wake huwasha macho na koo. Ndani ya nyumba ni hatari kwa mtu, na mashine nayo haitafaa tena kwa chakula.

Baada ya kula

Rangi nyeusi isiyonata kwenye mabamba ni tefloni, kitu kilichogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont mwaka 1938. Ina sifa mbili za kukumbuka. Haipendi kukwaruzwa, na haipendi kupashwa moto kupita nyuzi 260 hivi. Grili nzima yenye thamostati inayofanya kazi haifiki huko. Iliyokwisha kufunguliwa na fundi akaunganisha koili moja kwa moja "ili iwe kali" inafika, na mvuke wa tefloni iliyoungua huua ndege wa kwenye tundu haraka kabla mtu hajahisi kitu. Kataa fundi wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye mazoea yetu. Sufuria ya pwani husuguliwa kwa mchanga, majivu na waya mpaka ing'ae, na binti akisugua vizuri husifiwa. Kwa grili hiyo ni hukumu ya kifo. Magadi nayo yakae mbali, yanakula alumini. Njia ni hii. Chomoa plagi. Subiri bamba lishuke kutoka moto hadi uvuguvugu, kwa sababu maji baridi juu ya bamba la moto hulipinda na kubandua rangi. Kunja kitambaa kilicholowa, kiweke katikati ya mabamba, funga kifuniko, kaa dakika kumi. Mvuke utalegeza kilichoshika. Futa kwa dodoki laini na sabuni kidogo, kisha kitambaa cha maji safi, kisha kikavu. Mwiko wa mbao unatosha kwa mabaki. Mabamba yanayotoka yaoshwe kwenye beseni. Bodi lenye waya lisizamishwe kamwe, hata kama mtoto wa kazi ameambiwa "osha vyombo vyote".

Trei ya mafuta imwagwe usiku uleule. Ikilala na mafuta, sisimizi huja asubuhi, na mende wadogo wa kahawia huja kukaa. Wanapenda chini ya bodi, kwenye joto na giza, na mizoga yao ndiyo cheche nyingi zinazolaumiwa kwa TANESCO.

Chumvi inahitaji nidhamu ya aina yake. Hewa ya Shangani, Mikindani, Msimbati na pwani yote hadi maingilio ya Ruvuma hubeba vumbi la chumvi ya bahari, na chumvi hiyo ikitua juu ya chuma hungoja. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, kama unavyopita usiku mwingi wa majira ya mvua, chembe ya chumvi huvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka. Hapo chuma kimeloa bila tone la mvua. Skurubu, springi za bawaba na miguu ya plagi huanza kuliwa. Ongeza maji ya samaki na ng'onda aliyechomwa bila kurowekwa, na hata chuma kinachoitwa cha pua hupata vitundu.

Kwa hiyo usiiache grili dirishani upande wa bahari, hata kama hapo ndipo penye hewa nzuri ya kutolea moshi. Ukishaosha, ichomeke dakika mbili tu ikiwa tupu ili unyevu wa ndani utoke, ichomoe, ipoe, kisha ifunike na iwekwe kabatini. Waya usiuviringishe kwa kuubana kwenye bodi. Hukatikia pale unapoingia. Mara moja kwa mwezi futa miguu ya plagi kwa kitambaa kikavu mpaka kijani kitoke. Grili inayotumika mara mbili kwa wiki hudumu kuliko inayosubiri Idi, kwa sababu joto ndilo linaloifukuzia chumvi maji yake.

Koili na thamostati ni vipuri, na fundi mzuri huvibadilisha. Mabamba yaliyochanika rangi hayatengenezeki. Usikubali kupakiwa rangi yoyote juu yake, maana rangi hiyo utaila.

Kwa nyumba yenye ethi iliyopimwa na soketi zinazokaza, nunua grili ya kufunga ya wati zisizozidi 2,000, yenye plagi ya miguu mitatu na mabamba yanayotoka. Nyumba isiyo na ethi, fedha za korosho za msimu huu zianzie kwa fundi wa umeme mwenye leseni. Grili isubiri mnada wa mwakani.